Herufi Mbili Kabla ya Moyo

Nilikuwa nshakaa mkekani, nshasoma juzuu yangu, nasubiri kisomo kimalizike, pale mwanamke aliyekuwa ubavuni pangu aliponiinamia na kuninong'oneza kwa nia njema kabisa: "Moyo, Bi Nassra. Si unatujua sisi watu wa Uroa. Moyo hautuachi." Nilimgeukia. Alikuwa mtu wa makamo, sura ya upole, simjui. Maiti tuliyekuwa tukimsomea ni Bi Mwanakhamis, mkulima wa mwani, na kilichomchukua ni uzee na kikohozi kilichomshukia kifuani. Bintiye Mwajuma ndiye aliyenambia hayo kwa simu, akaongeza kuwa mpaka dakika za mwisho mapigo ya moyo wa mama yake yalikuwa yanakwenda sawasawa. Nikamuuliza yule mwanamke, "Nani kakwambia ni moyo?" Akanitazama kama niliyemuuliza nani kamwambia bahari ina chumvi. "Mbona imeandikwa," akasema. "Imeandikwa zamani."

Mie nimesomesha hesabu miaka na miaka, na wanafunzi wangu wanajua kuwa sina subira na mtu anayenambia kitu kimeandikwa bila ya kunambia kimeandikwa na nani. Siku zote huwajibu palepale. Siku ile tasbihi iliniponyoka mkononi, na mwanamke yule akaniokotea, akanipa pole, akidhani ni huzuni. Haikuwa huzuni. Nilijua hasa imeandikwa wapi, nani kaiandika, na kosa liko kwenye herufi zipi. Nilidhani jambo lile tulishalizika kabla vijana wengi waliokuwa wakipita na masinia pale uani hawajazaliwa. Kumbe tuliyemzika ni Bi Mwanakhamis peke yake, na lile kosa liko hai, lina afya njema kuliko sisi sote, limekaa na wenyeji mkekani na kupokea rambirambi.

Mwaka kosa lile lilipozaliwa nilikuwa msichana niliyetoka chuoni juzi juzi, nina shahada ya hesabu na kiburi cha kuwatosha watu wawili. Ya kwetu na wazee wangu nayaacha, hayakutenda lolote katika kisa hiki. Niliajiriwa katika ofisi ya utafiti iliyokuwa ghorofa ya pili ya nyumba kongwe ya Mkunazini, hapa mjini. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, kuta nene zinazobanduka chokaa, na meza zimepangwa kwenye ukuta mmoja kwa sababu ukuta wa pili ulikuwa unavuja masika. Umeme ukikatika, betri za kompyuta zilikuwa zinalia zote kwa pamoja, na jirani wa chini alikuwa anagonga dari kwa mti wa ufagio kutaka tuzinyamazishe. Mkuu wetu, Dokta Othman, mtoto wa mji huu huu, alikuwa daktari wa takwimu, si wa sindano, lakini majirani walichelewa sana kulielewa hilo. Walikuwa wakipanda ngazi na vikohozi vyao na miguu yao iliyovimba, naye akiwapokea, akiwapa chai, na kuwaelekeza hospitali kwa adabu kubwa.

Kitu alichokipenda Dokta Othman kuliko chakula ni elimu iliyo wazi. Yeye alisoma zama ambazo mtu wa huku akiitaka makala ya utafiti kutoka jarida la Ulaya alikuwa anaonyeshwa kichwa chake na mistari michache tu, kilichobaki kimefungwa mpaka ulipe. "Ni sawa na kuonyeshwa sahani kupitia dirishani," alikuwa akisema, na kila alipolisema hasira ilikuwa inampanda upya. "Kuifungia watu elimu ni dhulma. Yetu haitakuwa na kufuli. Makala wazi, takwimu wazi, hesabu zote wazi, mtu yeyote duniani afungue asome. Mtu wa Brazil asome, mtu wa Makunduchi asome." Nikamuuliza kama huyo mtu wa Makunduchi atasomewa hicho Kiingereza au atakisoma mwenyewe. "Wewe mkorofi, Nassra," akanambia, na akacheka, kwani alikuwa mtu wa kucheka. Mama yake akikaa mtaa wa pili, na asubuhi nyingi alikuwa anatupikia mikate ya ufuta ambayo mwanawe alikuwa akipanda nayo imefungwa kitambaani ingali na moto.

Kuna asubuhi moja nimeihifadhi neno kwa neno, ingawa siku ile haikuwa na maana yoyote. Simu ya Dokta Othman ililia, mikono yake imejaa waya za mashine ya kuchapishia, akaniomba niiweke juu ya meza kwa sauti kubwa. Ofisi nzima tukamsikia mama yake: "Othman, leo usinitazamie mikate. Chembe cha moyo kimenikamata tangu alfajiri." Naye bila ya kuinua kichwa akajibu, "Kunywa maziwa, mama." "Nshakunywa." "Kunywa tena." Tukacheka, tukala biskuti, tukaendelea na kazi. Hakuna aliyeshtuka, na kwa nini ashtuke? Kwetu, chembe cha moyo si moyo. Ni pale chini ya kifua, kati, mbavu zinapoachana, pahala panapowaka ukiwa na njaa au ukila pilipili nyingi, na ndipo vidonda vya tumbo vinapoanzia kubisha hodi. Mtoto wa miaka saba wa mji huu analijua hilo. Atakwambia chembe cha moyo kinamuuma, nawe utampa kipande cha mkate.

Utafiti wetu ulikuwa juu ya afya za wanawake wa mwani wa pwani ya mashariki. Kabla sijaajiriwa, wasichana wawili walikwishapita nyumba kwa nyumba wakiwauliza wanawake nini kinachowauma, na wakaandika majibu kwa maneno ya wenyewe. Karatasi zikapelekwa kwa kampuni moja ya nje, ambako mtu aliyejulikana kuwa anajua Kiswahili aliyasafisha maneno, akayatia Kiingereza, na kila maradhi yakapewa namba. Kwangu zilifika namba. Kazi yangu ilikuwa kuilisha kompyuta namba hizo pamoja na saa ambazo kila mwanamke huzitumia baharini, na kuifunza itafute kipi kinakwenda na kipi. Kompyuta ikatafuta, ikapata. Wanawake waliokaa majini zaidi ndio waliougua zaidi maradhi ya moyo, na mstari ulipanda juu kwa namna ambayo hata mimi, niliyekuwa siridhiki na kitu, uliniridhisha. Niliirudia hesabu kwa njia tatu tofauti. Haikuwa na kosa. Mpaka leo hilo ndilo linalonitisha kuliko yote, kwamba hesabu haikuwa na kosa.

Makala ikatoka katika jarida la wazi, na karatasi za takwimu zikawekwa hapo hapo pembeni yake kwa anayetaka. Dokta Othman alinunua halua, tukanywa kahawa, akawa anatuonyesha kwenye kioo cha kompyuta nchi ambazo watu wake wanaisoma. "Tazama, Peru," akasema. "Nani anatujua Peru?" Nami nilipelekwa Uroa kwa sehemu ya pili ya utafiti, kuwafuatilia wanawake wale wale kwa karibu, na nikapangiwa chumba nyumbani kwa Bi Mwanakhamis.

Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo la kutazama uani, na nusu yake ya pili ilikuwa mali ya mwani: magunia, kamba zilizozongwa, harufu ya chumvi iliyoingia mpaka kwenye mto. Bi Mwanakhamis alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikavu na mdomo usiolala. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo Bi Mwanakhamis," akaitika, "Marahaba mwanangu, karibu. Wewe ndo msomi?" Nikasema naam. "Basi msomi, kuna muhogo na mchuzi wa chukuchuku wa samaki changu. Kama mjini mnakula vyengine, hapa utavisahau." Nilivisahau. Asubuhi, maji yakipwa, nilikuwa nafuatana nao mpaka kwenye mashamba yao ya mwani, wameinama tangu maji yako magotini mpaka yarudi, na jioni nilikuwa nikiwasikiliza wakipiga soga uani huku wakikandana migongo. Kila mmoja alikuwa na dawa za maumivu zimefungwa kwenye ncha ya khanga. Walizimeza kama watu wanavyotafuna njugu, nyingi bila ya chakula, maana maji hayamngojei mtu apike kwanza. Niliyaona hayo kwa macho yangu na sikuyafungamanisha na kitu. Nani angeyafungamanisha? Tulikuwa tunatafuta moyo.

Kisha wakaja madaktari wageni. Walikuwa watu wazuri, sitaki wasemwe vibaya. Waliisoma makala yetu huko kwao, wazi, bila ya kufuli, kama alivyotaka Dokta Othman, ikawagusa, wakajichangisha wakaja na vipimo vyao na maboksi ya asprini, kwa sababu kidonge kidogo cha asprini kila siku huipunguzia damu uzito na kumkinga mtu wa moyo. Walikaa katika darasa la skuli ya kijiji. Nilikuwepo, na nilimsikia mkalimani wao akimuuliza Bi Mwanakhamis, "Una changamoto ya moyo?" Bi Mwanakhamis akamtazama. "Changamoto ndo nini?" "Moyo, bibi. Unakusumbua?" "Hunisumbua," akajibu, akaweka vidole viwili chini ya kifua chake, akabonyeza. "Hapa. Huniwaka moto." Lakini mkalimani alikuwa ameinama anaandika, daktari alikuwa anamsikiliza mkalimani, nami nilikuwa nikimtuliza mtoto wa mwanamke mwengine. Vidole vile viwili vilikaa pale pale mpaka Bi Mwanakhamis mwenyewe alipovishusha. Akapewa boksi lake, na akatoka amelishika kwa mikono miwili kwa heshima.

Ramadhani iliingia, na yeye akavipangia vidonge utaratibu wake. Aliambiwa kila siku kidonge kimoja, basi alikifungulia. Adhana ya magharibi ikisikika, wenzake wanachukua tende, yeye anatanguliza kidonge na funda la maji, halafu ndiyo tende. "Dawa kwanza," alikuwa akisema, "nipate nguvu ya kula huo uji wenu." Mwajuma, bintiye, ambaye mwaka ule alikuwa mwari, alimtania kuwa sasa anafungua kwa chakula cha kizungu. Uji wa pilipili manga ulikuwa mzuri, mkate wa kumimina ulikuwa mzuri zaidi, na Bi Mwanakhamis alikuwa akila kidogo kuliko jana yake kila siku. Nilimwambia amepungua. "Funga imenikubali," akajibu. Nikadhani mzaha. Kabla ya mwezi kufika kati, alianguka akitawadha.

Hospitalini mjini walimlaza wodi ya wanawake. Alikuwa mweupe midomo, khanga zake zimelowa jasho, na moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kweli. Hata mimi niliyemshika mkono niliusikia. Daktari wa wodi alikuwa kijana mchangamfu, aliyesomea mbali na huku. Aliposikia mgonjwa ametoka Uroa na kazi yake ni mwani, aliitoa simu yake mfukoni na kunionyesha makala. Makala yetu, na jina langu chini kabisa ya majina, ambalo hakujua kuwa ni langu. "Hawa wanajulikana," akanambia. "Bahati nzuri hii ni ya bure, nimeisoma yote. Aendelee na asprini, tumuongezee kipimo kwa siku chache, kisha tumtazame." Nilijivuna. Naam, nilijivuna, nikasimama pale kwenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, nikiwaza namna nitakavyomsimulia Dokta Othman.

Daktari alipoondoka, Bi Mwanakhamis alinivuta kwa kidole. Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka nikalazimika kumwinamia. "Mwanangu," akasema, "mwambie yule mtoto anipe kitu cha chembe cha moyo. Kinanisokota, nnakufa." Nikamwambia, "Si ndiyo hivyo vidonge, Bi Mwanakhamis." Akafumba macho kama mtu aliyechoshwa na mpumbavu. "Vidonge vya moyo. Moyo wangu mzima. Mie nasema chembe." Wakati huo huo Mwajuma akaingia na beseni, akanivuta pembeni, na kwa haya kubwa akaninong'oneza kuwa nguo za mama yake anazifua yeye, na choo cha mama yake kimekuwa cheusi kama lami tangu kufunga kuanze, naye mama kamwapisha asimwambie daktari mwanamume. Mie si daktari. Lakini mtu anayetokwa na damu tumboni choo chake kinakuwa cheusi, na hilo nililijua kwa jirani yetu mmoja aliyekufa nalo. Nilimkamata muuguzi, mwanamke mtu mzima, nikamwambia yale ya choo na kumsihi asimpe asprini mpaka daktari arudi. "Mwanangu, mie natii kilichoandikwa," akasema, lakini akakirudisha kidonge kwenye trei na kwenda kumtafuta daktari, ambaye alikwishaingia chumba cha upasuaji.

Nikashuka mbio kwenda ofisini, nikatazame walichokisema wanawake kwa maneno yao wenyewe. Ofisi ilikuwa imefungwa kwa saa za Ramadhani na karatasi za asili zilikuwa kabatini kwa Dokta Othman, mimi sina ufunguo. Lakini takwimu zetu hazikuwa na kufuli. Niliingia duka la intaneti la Darajani, nikakaa kati ya vijana wanaocheza michezo ya vita, nikafungua jarida, nikashusha faili letu wenyewe kama mtu wa Peru. Nilikuwa sijawahi kulifungua lote. Nilipewa namba, nikatosheka na namba. Sasa nikaona nguzo tatu za jedwali zimesimama pamoja. Ya kwanza, maneno waliyoyaandika wale wasichana wawili, kwa haraka, kwa vifupisho, kama sote tunavyoandika: "mg." kwa mgongo, "kch." kwa kichwa. Na "ch. moyo." Na "ch. moyo." Na "ch. moyo," mpaka chini. Ya pili, maneno yaliyosafishwa na yule mjuzi wa Kiswahili wa nje, aliyeona "ch." na kuijaza kwa neno ambalo siku hizi halikosekani katika kikao wala tangazo lolote: "changamoto ya moyo." Ya tatu, namba ya maradhi ya moyo. Nilitazama. Mtoto wa kiti cha pili akaniuliza, "Dada, umeshindwa kufungua?" Nilihisi ubaridi kwenye meno. Wanawake wa pwani nzima walikuwa wametwambia matumbo yao yanawaka, nasi tukauambia ulimwengu kuwa mioyo yao imeharibika, kisha ulimwengu ukaja kwa huruma kuyatia matumbo yale moto.

Dokta Othman nilimkuta kwa mama yake, barazani ndani, anakata vitunguu vya sambusa, kwani alikuwa mtoto mwenye kumsaidia mama. Nilikuwa nahema. Nilianza kumweleza, akaanza kunizuia kabla sijafika mbali: makala imepitiwa na wataalamu, kampuni ile ni ya kuaminika, mimi nimeona mgonjwa mmoja na mgonjwa mmoja si takwimu. Alisema yote hayo bila ya ukali, na kila neno lilikuwa sahihi. Nikaona nikienda kwa njia ile Bi Mwanakhamis atakufa tukibishana. Nikamuuliza, "Dokta, mama yako akikwambia chembe cha moyo kinamuuma, unampa nini?"

"Maziwa," akasema.

Kisu kilisimama. Mama yake, aliyekuwa ananyunyizia unga kwenye manda, akainua uso akatutazama mmoja mmoja. "Kwani kuna nini na maziwa?" akauliza. Dokta Othman alikuwa ameweka mkono wake chini ya kifua chake mwenyewe, pale pale. "Wameandika vipi?" akaniuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Ch nukta moyo," nikamwambia. "Nawe ungeiandika hivyo hivyo." Akainuka na vitunguu mikononi. Tulitembea mpaka hospitali, yeye mbele, mimi nyuma, watu njiani wakimwamkia na yeye haitiki, jambo ambalo mji ule ulilizungumza wiki nzima.

Tulipofika Bi Mwanakhamis alikuwa ameshatapika damu. Shuka ilikuwa imebadilishwa lakini sakafu bado, na Mwajuma amesimama ukutani ameziba mdomo kwa mtandio. Muuguzi alikwishampata daktari kijana. Alikuwa ameinama juu ya mgonjwa, amechanganyikiwa, kwani maradhi ya moyo hayatapishi damu. Nilimtarajia Dokta Othman ajieleze kwa mzunguko, kama wasomi tunavyojua. Hakuzunguka. "Mimi ndiye niliyeiandika makala uliyoisoma," akamwambia. "Ina kosa. Huyu ana vidonda vya tumbo na tumempa asprini juu ya njaa. Usiniulize zaidi sasa, mtie damu." Kijana akamtazama, akatutazama sote, kisha akapiga kelele ya kuita wauguzi. Watoa damu walitoka Uroa kabla ya futari, pikapu nzima, wamefunga na midomo imewakauka, wakaambiwa wafungue kwanza ndiyo watolewe. Bi Mwanakhamis akaishi. Alipopata sauti, neno la kwanza alilonambia ni, "Nyie wasomi mngeniuliza nikuonyesheni."

Sikukuu ya mwaka ule Dokta Othman hakwenda kwa mtu. Alikaa ofisini akiwaandikia jarida, akiwaandikia wale madaktari, akimwandikia kila mtu aliyemjua. Wageni wakarudi, wakakusanya maboksi yao nyumba kwa nyumba, daktari mmoja mwanamke akilia waziwazi. Jarida nalo lilitenda haki kwa kadiri yake: lilitia masahihisho, mistari michache, chini kabisa ya makala, ambapo anayesoma mpaka mwisho atayaona. Lakini makala ya wazi ni ya wazi. Ilikuwa ishanakiliwa, ishatiwa katika makala nyengine, ishasomwa redioni, na waliochukua hawakurudi kutazama kama mwenyewe kabadilisha neno. Maji yakimwagika hayazoleki. Dokta Othman aliendelea na elimu yake ya wazi mpaka alipostaafu, na nilipomuuliza kama hajuti, alinijibu kwa hasira kuwa lau lile faili lingekuwa na kufuli siku ile, Darajani ningefungua nini? Mie nikaenda kusomesha, nikahamia Chukwani, na kila mwaka Bi Mwanakhamis akinitumia pweza mkavu na salamu kuwa chembe chake hakijambo.

Kisomo kilipomalizika, Mwajuma, ambaye sasa ana mvi, aliniita chumba kile kile. Magunia ya mwani hayamo tena, pana kabati na kioo. Bintiye, Zuwena, anayesomea uuguzi mjini, alikuwa amekaa kitandani, macho yamevimba kwa kumlilia bibi yake. Alinibusu mkono. Nikamuona amejikunja kidogo upande wa mbele, kama mtu anayebeba kitu tumboni, nikamuuliza ana nini.

"Si kitu, Bi Nassra. Moyo tu," akasema. "Tangu bibi aanze kuumwa mie sili vizuri, basi unanichoma. Nilitafuta kwenye simu nikaambiwa ni maradhi ya kwetu, wanawake wa Uroa, utafiti upo. Nimeanza kujikinga mapema." Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi ya vidonge, nusu yake imeshatobolewa. Nilivitambua kabla sijasoma jina.

Nilihisi ule ubaridi kwenye meno, ule ule wa Darajani. Nikakaa kitandani ubavuni pake. "Mwanangu," nikamwambia, "usinambie. Nionyeshe. Weka kidole panapouma."

Akaweka vidole viwili chini ya kifua, kati, mbavu zinapoachana, akabonyeza.

"Hapo panaitwaje?"

Akanitazama, muuguzi mtarajiwa, mtoto wa nyumba ile, akitafuta hila katika suali langu. "Si moyo?" akasema.

Mwajuma, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, aliliweka sinia chini taratibu. Zuwena akatugeukia sote wawili. "Kwani si imeandikwa?"

"Imeandikwa," nikamwambia. "Na chini kabisa yake imeandikwa nyengine." Nikanyoosha mkono. "Nipe hivyo vidonge, kisha mama yako akupe maziwa."